Maswali na Majibu: Kukagua Ubora na Usalama wa Makazi ya Wazee

Marudio haya ni ya wanafunzi wa ustawi wa jamii na uuguzi walioko Tunduma, Vwawa na Itumba. Majibu mengine ni mafupi kwa sababu swali lenyewe ni jepesi. Pale wanafunzi wanapoanguka kila mwaka, nimekaa zaidi.

Swali la 1. Mzee ni nani kwa mujibu wa sera, na haki yake ya kutunzwa inatoka wapi? (alama 4)

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Katiba, ibara ya 11, inaitaka Serikali kuweka utaratibu wa haki ya mtu kupata msaada wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Wengi huishia hapo. Ongeza Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1991, zilizogawanywa katika mafungu matano: kujitegemea, kushiriki, kutunzwa, kujiendeleza na utu. Ukitaka alama ya nne, taja Itifaki ya Afrika kuhusu Haki za Wazee iliyopitishwa Januari 2016, inayosema kuishi katika makazi kuwe kwa hiari ya mzee na huduma ifikie viwango vya chini vya taifa. Neno la kupigia mstari ni “hiari”. Mzee aliyeletwa na gari usiku bila kuulizwa tayari ni dosari ya kwanza katika ripoti yako, hata kama kitanda chake ni kizuri.

Swali la 2. Taja makazi ya wazee unayoyafahamu. Yana faida gani kwa mwanafunzi wa Songwe? (alama 5)

Nunge (Kigamboni), Fungafunga (Morogoro), Njoro (Kilimanjaro), Kolandoto (Shinyanga), Bukumbi (Mwanza). Zanzibar kuna Sebuleni na Welezo kwa Unguja, na Limbani kwa Pemba. Kenya, Nyumba ya Wazee ya Kasarani, Nairobi, inaendeshwa na masista. Baadhi ya makazi ya Bara, Nunge yakiwemo, yana historia ya kuwa kambi za wagonjwa wa ukoma, na historia hiyo imeacha alama: mpaka leo watu huona makazi kuwa mahali pa kutupwa, wala si pa kutunzwa.

Yote hayo yako mbali na Tunduma. Katika mkoa huu, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, mzee asiyejiweza kwa kawaida yuko kwa mwanawe, kwa mjukuu wa kike aliyeacha shule, au peke yake kwenye chumba cha uani. Mkaguzi anayejua kazi atatumia macho yaleyale Kolandoto na kwenye chumba cha uani pale Majengo au Sogea. Chumba hicho ndicho utakachokutana nacho wiki ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo, kwa hiyo usisome mada hii kana kwamba inawahusu watu wa Dar es Salaam.

Swali la 3. Eleza mfumo wa Donabedian wa kupima ubora wa huduma. (alama 6)

Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut aliyefanya kazi Marekani, alieleza mwaka 1966 kwamba ubora unatazamwa kwa njia tatu: muundo, mchakato na matokeo. Muundo ni majengo, vitanda, maji, idadi na ujuzi wa wahudumu. Mchakato ni kinachofanyika: nani anamlisha mzee, anamgeuza mara ngapi, dawa inatolewaje. Matokeo ni hali ya mzee mwenyewe: uzito, ngozi, kuanguka, vifo, na iwapo ana raha.

Kosa la kawaida ni kukagua muundo peke yake, kwa sababu ndio unaoonekana ukiwa umesimama mlangoni. Niliwahi kuingia kwenye nyumba moja, sitaitaja, nikaonyeshwa kabati lililojaa mablanketi mapya, bado yamo ndani ya nailoni zake. Wazee walikuwa wamejifunika khanga. Muundo: alama zote. Mchakato: sifuri.

Matokeo nayo yana mtego. Makazi yanayopokea wagonjwa mahututi yatakuwa na vifo vingi kuliko yanayochagua wazee wenye nguvu. Kabla hujalaumu, uliza walikuwa na hali gani siku walipopokelewa.

Swali la 4. Makazi yana wazee 24, kati yao 5 hawawezi kujigeuza kitandani. Wahudumu ni 6. Siku ina zamu tatu na kila zamu imepangiwa watu wawili. Kila mhudumu hufanya kazi siku 6 kwa wiki. Je, wanatosha? (alama 8)

Piga hesabu, usibuni. Zamu 3 kwa siku 7 ni 21. Kila zamu watu 2, kwa hiyo nafasi za kujaza ni 42 kwa wiki. Wahudumu 6 kwa siku 6 wanajaza 36. Pengo ni 6. Karibu kila siku kuna zamu moja yenye mtu mmoja tu, na hapo hujahesabu likizo, msiba wala malaria. Msimamizi atakuambia mchana wako wawili, nawe utaona kweli wako wawili, kwa sababu pengo limesukumiwa usiku.

Sasa mfuate huyo mmoja wa usiku, saa nne mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Wazee 5 wanageuzwa kila baada ya saa mbili, yaani mara nne kila mmoja: mara 20. Kila mara tuseme dakika kumi, pamoja na kubadilisha pampasi au shuka. Hizo ni dakika 200, zaidi ya saa tatu, akiwa hajamjibu mzee wa sita anayeita apelekwe chooni. Tena kumgeuza mtu mzima vizuri bila kumburuza kunataka watu wawili. Akimburuza, shuka inachubua ngozi. Jibu: hawatoshi, na ushahidi utaupata kwenye migongo ya wazee.

Mwanafunzi aliyeandika “hawatoshi kwa sababu wazee ni wengi” anapata alama 1.

Swali la 5. Utatambuaje kidonda cha kulalia kabla hakijafunguka? (alama 6)

Angalia chini ya kiuno juu ya mfupa wa mkia, nyonga, visigino, viwiko, na nyuma ya kichwa kwa asiyejigeuza kabisa. Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu, kisha bonyeza kwa kidole: mahali pazima panafifia halafu rangi inarudi, palipoanza kuharibika hapafifii. Kwa ngozi nyeusi wekundu huo haujionyeshi. Tumia mgongo wa mkono wako. Je, pana joto au ubaridi kuliko ngozi ya jirani? Pamekuwa pagumu, au pamelegea kama embe bivu? Pamezidi weusi na kung’aa? Mzee anashtuka ukipagusa?

Kisha muulize mhudumu, “Bibi huyu aligeuzwa saa ngapi mara ya mwisho?” Akikimbilia daftari, sawa. Akikimbilia kumtazama msimamizi, andika.

Swali la 6. Kadi ya dawa imetiwa tiki kila siku. Inatosha? (alama 4)

Haitoshi. Hesabu vidonge. Dawa ya presha ya kidonge kimoja kwa siku, pakiti ya 28 iliyoanzwa siku kumi zilizopita, inatakiwa ibaki na 18. Ukikuta 23, basi siku tano mzee hakumeza, na tiki tano ni za uongo. Usianze kwa kugombeza. Huenda mhudumu anatia tiki zote asubuhi ili awahi kupika uji. Hilo nalo ni kosa, ila dawa yake ni kurekebisha ratiba; vidonge vikikutwa pungufu kwa sababu mhudumu anaviuza duka la dawa, hilo linataka hatua nyingine.

Swali la 7. Taja hatari za mazingira zinazohusu Songwe hasa. (alama 8)

Maji kwanza. Kiu hupungua mtu anapozeeka, hivyo mzee anaweza kukaukiwa na maji bila kuomba. Dalili ya mapema mara nyingi ni kuchanganyikiwa, na watu husema “uzee huo”. Tunduma ni mji unaojua shida ya maji. Wakati wa uhaba, wanaonyimwa kwanza ni wasioweza kwenda kujichotea. Simtanki uani halikuambii kitu. Angalia kikombe: kipo kando ya kitanda, kina maji, na mkono wa mzee unakifikia? Wahudumu wengine humpunguzia mzee maji makusudi ili asikojoe usiku. Huo ni ukatili, hata kama nia ilikuwa kuokoa mashuka.

Baridi. Mbozi na Ileje, mwezi wa sita na wa saba, usiku si wa kuchezea. Hapo ndipo jiko la mkaa linapoingizwa chumbani na madirisha kufungwa. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala haionekani. Ukikuta majivu chumbani asubuhi, hiyo ni hatari ya kifo. Ripoti siku hiyohiyo, usisubiri mwisho wa mwezi.

Choo. Cha kuchuchumaa bila kishikio kinamwangusha mwenye magoti mabovu. Tembea mwenyewe kutoka kitandani mpaka chooni wakati wa giza. Hesabu vizingiti. Tazama kandambili zilizoisha soli.

Milango. Kwa hofu ya vibaka, wengi hufunga kufuli kwa nje. Moto ukizuka, ufunguo uko wapi? Kubali komeo la kufunguka kwa ndani tu, au mhudumu wa usiku anayelala hapohapo na ufunguo mwilini.

Swali la 8. Kweli au si kweli: Mzee asiye na jeraha hajafanyiwa ukatili. (alama 3)

Si kweli. Kuna matusi, kuna kutelekezwa, kuna ukatili wa kingono, kuna fedha. Ruzuku ya TASAF au pensheni ikipokelewa na mtu mwingine, uliza nani anajua namba ya siri ya simu ya mzee. Zanzibar, inayotoa pensheni jamii kwa wenye miaka 70 na zaidi tangu Aprili 2016, swali hilohilo linafaa. Kumfunga mzee kamba kitandani “asianguke” nako ni ukatili. Na bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni za miaka hamsini anayeitwa mchawi yuko hatarini hata nyumbani kwake. Taarifa inakwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri na polisi.

Swali la 9. Kwa nini lugha na ndugu viingie kwenye fomu ya kumpokea mzee? (alama 4)

Mwenye ugonjwa wa kusahau mara nyingi hupoteza Kiswahili na kubaki na lugha ya mama. Asemaye Kinyiha au Kinyamwanga akihudumiwa na kijana asiyejua hata neno moja, maumivu yake yanaandikwa “analalamika ovyo”. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka. Mzee wa Tunduma anaweza kuwa na mtoto Nakonde mwenye namba ya Zambia. Fomu yenye nafasi ya namba moja ya simu haijui iko wapi.

Swali la 10. Wenzetu wanapimaje? (alama 3)

Uingereza, chombo cha ukaguzi huuliza mambo matano: je, huduma ni salama, inaleta tija, ina upole, inaitikia mahitaji, inaongozwa vizuri? Marekani hutoa nyota moja mpaka tano tangu 2008. Ndugu zetu wengi waliokwenda huko hufanya kazi ya kulea wazee, waulize. Watakuambia nyota si kila kitu, kwa kuwa sehemu ya takwimu hupelekwa na makazi yenyewe.

Swali la 11. Chukulia makazi ya kubuni nje kidogo ya Tunduma. Mstaafu wa TAZARA, miaka 74, alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia umepooza. Miezi mitatu iliyopita alikuwa na kilo 61, leo ana 54. Msimamizi anasema, “Babu hapendi kula.” Usiku yuko mhudumu mmoja. Toa uamuzi. (alama 10)

Amepoteza kilo 7 kati ya 61, zaidi ya asilimia 11. Kupungua asilimia 10 ndani ya miezi sita tayari ni hatari. Huyu amevuka kwa nusu ya muda huo. “Hapendi kula” si maelezo mpaka uwepo wakati wa chakula.

Fika saa saba mchana bila taarifa. Mwamkie: “Shikamoo babu.” Kaa. Sahani imewekwa wapi? Mara nyingi utaikuta upande wa kulia, upande wa mkono usiofanya kazi. Ugali ni mgumu, mchuzi umepoa, na baada ya dakika kumi na tano mhudumu anakusanya sahani zote kwa pamoja. Akimeza anakohoa? Kiharusi huharibu kumeza, na chakula kikiingia njia ya hewa huleta nimonia. Ana meno? Muulize yeye mwenyewe, bila msimamizi kusimama mlangoni, halafu nyamaza umpe muda, maana ulimi wake nao ni mzito.

Uamuzi: apelekwe hospitali wiki hii akapimwe kumeza. Sahani ihamie kushoto, chakula kiwe laini, awe na mtu wa kukaa naye mpaka amalize, apimwe uzito kila wiki. Makazi haya yasipokee mzee mwingine mpaka zamu ya usiku iwe na watu wawili.