Somo la Listra: Usipoijua lugha ya mwenzako



Kijana mwenzangu, leo nianze na kosa langu mwenyewe. Kuna mwaka parokia yetu ilipokea vijana wageni kutoka Kenya, tukawagawa kwenye familia za jumuiya. Dada mmoja akafikia kwa mama mmoja jirani yetu. Asubuhi akasema, tena kwa tabasamu, "Mama, nipe chai." Mama akanyamaza. Baada ya Misa akatuambia, "Yule binti ananiagiza kama mfanyakazi wake." Sisi vijana tukacheka, tukashinda siku nzima tunamwiga: "Nipe chai! Nipe chai!" Jioni tukamkuta analia.

Kwao "nipe" si utovu wa adabu. Sisi huku tumezoea "naomba". Kiswahili ni kimoja, lakini mazoea ni mawili. Mgeni akaonekana hana heshima, na sisi wenyeji tukaonekana hatuna upendo.

Nimelikumbuka tukio hilo nikisoma Matendo ya Mitume sura ya 14. Chukua Biblia yako tusome pamoja.

Kelele ambazo mitume hawakuzielewa (Mdo 14:8-18)

Paulo na Barnaba wako Listra, mji wa Likaonia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Paulo anamponya mtu aliyekuwa kilema tangu kuzaliwa. Ungetegemea hapo watu wote wamwamini Kristo, si ndiyo? Lakini tazama mstari wa 11. Umati unapaza sauti kwa Kilikaonia, lugha yao ya nyumbani, eti miungu imeshuka kwa sura ya binadamu! Barnaba wakamwita Zeu, na Paulo wakamwita Herme kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa msemaji. Kuhani wa Zeu akaleta mafahali na mashada ya maua, tayari kuwatolea sadaka.

Sasa jiulize: mbona mitume hawakukanusha palepale? Luka haelezi moja kwa moja, ila ametaja lugha iliyotumika, na anaonyesha kwamba mitume walishtuka baadaye, walipopata habari ya kile kinachoandaliwa. Inaelekea hawakuzielewa zile kelele. Kigiriki walikuwa nacho, na kiliwatosha kuhubiri. Lakini mtu akiguswa sana moyoni hurudi kwenye lugha aliyonyonya kwa mama yake. Huko ndiko mitume walikuwa bado hawajafika.

Paulo akabadilisha mlango

Mitume wakararua mavazi yao, wakakimbilia katikati ya watu, wakawaambia kwamba wao ni wanadamu tu kama wengine. Halafu linganisha na sura ya 13. Kule Antiokia ya Pisidia, ndani ya sinagogi, Paulo alianza na Misri, jangwa, mfalme Daudi na manabii. Wasikilizaji walizijua habari hizo. Listra hakutaja hata moja. Alianza na mbingu, nchi na bahari, akaendelea na mvua, mavuno, chakula na furaha. Yaani alianza na kile wanachokijua. Mungu anayehubiriwa ni yuleyule, ila mlango wa kuingilia umebadilika.

Tusijidanganye lakini, lugha haimalizi kila kitu. Hata baada ya maneno hayo, mitume waliwazuia watu kwa shida. Na kule Yerusalemu (Mdo 21:37–22:22), Paulo alipozungumza na umati kwa Kiebrania walizidi kunyamaza wamsikilize, kisha wakamkataa. Lugha hufungua masikio, moyo hufunguliwa na Mungu. Ila masikio yakiwa yamefungwa, moyo tutaufikiaje?

Na sisi je?

Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Mmoja wa shirika hilo, Padre Charles Sacleux, Mfaransa aliyeishi pwani yetu, alikusanya maneno ya Kiswahili na lahaja zake kwa miaka mingi, na kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ikatoka mwaka 1939. Hebu fikiria: huwezi kuandika kamusi bila kumuuliza mwenyeji mara elfu na elfu, "Hiki mnakiitaje?" Hapo padre ndiye mwanafunzi, na mwenyeji ndiye mwalimu. Huo ni unyenyekevu.

Wengi wetu tunasoma Kiingereza, Kifaransa au Kichina tupate kazi. Ni vizuri. Lakini tujifunze pia ili tupende. Anza na haya matatu:

1. Jifunze salamu kwanza. Ukipelekwa chuo au kazi ugenini, jua wanavyosalimia wazee, wanavyoomba na wanavyoshukuru.
2. Uliza kabla ya kuhukumu. Mwenzako akifanya jambo la kukukera, muulize kwa upole: "Kwenu hili lina maana gani?"
3. Usimcheke anayejifunza. Ukimcheka leo, kesho atanyamaza, na hutajua alichotaka kukuambia.

Jambo la mwisho. Listra Paulo alieleweka vibaya, kisha akapigwa mawe hadi wakadhani amekufa (Mdo 14:19). Lakini aliporudi huko akamkuta kijana Timotheo, mama yake Myahudi, baba yake Mgiriki (Mdo 16:1). Katika mji uleule, Mungu alikuwa amemwandalia msaidizi aliyekulia katikati ya watu wa aina mbili.

Yule dada tulimwomba msamaha jioni ileile. Kesho yake asubuhi akamwambia mama, "Naomba chai." Mama naye akacheka, akamjibu, "Nikupe na chapati?"

Tafakari: Ni nani darasani, kazini au kwenye jumuiya yako anayechekwa kwa namna anavyoongea? Wiki hii utamfanyia nini?

Sala: Ee Roho Mtakatifu, siku ya Pentekoste ulimfanya kila mtu asikie habari njema kwa lugha yake. Utupe masikio ya kumsikiliza mgeni na ulimi usiomdharau. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.