SOMO LA SIKUKUU: MAJINA YA WALIOTULINDA

Ndugu wahitimu wa kisomo,

Kila mwaka tarehe 9 Desemba tunasherehekea Uhuru wa Tanganyika, uliopatikana mwaka 1961. Bendera zinapepea, ngoma zinalia, pilau linanukia. Hayo ni mema. Sikukuu bila furaha siyo sikukuu. Lakini leo tujiulize: wale waliokufa au kuumia kwa ajili ya nchi hii ni nani? Na majina yao yameandikwa wapi?

MANENO YA SOMO
Shujaa: mtu aliyejitoa kwa ajili ya wenzake.
Mpagazi: mtu aliyebeba mizigo ya safari au ya vita.
Mgambo: raia aliyefunzwa kulinda nchi.
Mnara: jengo la kumbukumbu.

1. JE, TULIPIGANA?
Wako wanaosema, "Uhuru wetu tuliupata bila vita. Sasa mashujaa wametoka wapi?" Ni kweli kwamba TANU, ikiongozwa na Mwalimu Julius Nyerere, ilidai Uhuru kwa mikutano na kura. Lakini tusisahau waliotangulia. Hapo jirani, Pangani, Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim mwezi Desemba 1889, kwa sababu aliwapinga. Tena, kupata Uhuru ni kazi moja, na kuulinda ni kazi nyingine.

2. WAPAGAZI WASIO NA MAJINA
Novemba 1914 vita vya Wajerumani na Waingereza vilifika hapa Tanga. Waingereza walishusha askari wengi kutoka India. Kwa upande wa Wajerumani, askari wengi walikuwa Waafrika. Mpaka leo inasimuliwa jinsi nyuki walivyowauma askari vitani. Waingereza walishindwa, wakarudi melini.

Vita viliendelea mpaka 1918. Njia zilikuwa mbaya, na mbung'o waliua wanyama wa mizigo. Basi watu ndio waliobeba chakula na risasi vichwani. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa, kuhara na homa.

Je, wanakumbukwa? Dar es Salaam iko Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Sanamu ile inawakumbuka wote kwa jumla, lakini haina orodha ya majina yao. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kosa na kuomba radhi. Ilisema kwamba watu 116,000 au zaidi waliokufa katika vita vile hawakuandikwa majina, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Hawakuheshimiwa sawa na Wazungu. Tazameni, ndugu zangu: radhi imekuja baada ya miaka mia moja, na watoto wao wameshakufa.

3. WALIOKWENDA KAGERA
Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao leo tunauita Kagera. Watu waliuawa, mali ikaporwa, daraja la Kyaka likavunjwa. Wanajeshi na mgambo waliitwa kutoka pande zote za nchi. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa.

Wengi hawakurudi. Wako waliozikwa Kaboya, wilaya ya Muleba. Wengine walirudi na majeraha. Na wako kina mama waliobaki wanalima peke yao na kulea watoto, wakingoja barua ambayo haikufika. Nao wana sehemu yao katika heshima hii.

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, taifa huwakumbuka penye minara. Lakini je, mtaani kwako nani anawakumbuka? Kijana wa miaka 20 wa wakati ule sasa ni mzee sana. Akiondoka bila kuulizwa, habari zake zinaondoka naye.

4. KAZI YA KALAMU YAKO
Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Na watu je? Wewe sasa unajua kuandika. Chukua daftari, nenda kwa mzee aliyepigana, au kwa familia ya asiyerudi. Toa shikamoo, kaa chini, eleza shida yako. Kisha andika:

(a) Jina lake kamili na la baba yake.
(b) Kijiji au mtaa wake.
(c) Mwaka alioondoka.
(d) Alikokwenda na kazi aliyofanya.
(e) Alirudi, au hakurudi.
(f) Jina la anayesimulia.

Andika anachosema yeye, usiongeze chumvi. Akinyamaza, usimlazimishe, maana vita vina mambo mazito. Usimwahidi malipo. Ukimaliza, msomee ili asahihishe. Andika nakala mbili: moja ibaki kwa familia, nyingine kwa mtendaji.

Hapa Mabawa na vijijini kote, tarehe 9 Desemba, kabla ngoma hazijaanza, majina yale yasomwe mkutanoni kwa ruhusa ya familia. Wote wasimame kimya. Wenye kuomba dua waombe, wenye kusali wasali. Baada ya hapo, ngoma ipigwe!

MASWALI YA KUJADILI
1. Kwa nini wapagazi wengi hawajulikani kwa majina?
2. Kuna tofauti gani kati ya kupata Uhuru na kuulinda?
3. Taja mtu mmoja wa mtaani kwako anayestahili kuandikwa. Utaanza lini?