UNAUZA KITIMOTO MTANDAONI? SOMA HII KWANZA

Wadau, soko lipo. China peke yake inakula karibu nusu ya nguruwe wa dunia nzima, na Dar kitimoto na ndizi haikosi oda. Ila Kariakoo siyo Guangzhou tunakofuata mzigo. Hapa jirani yako wa fremu ni Mwislamu, aliyepiga simu ni Msabato, na wote hawali. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa humu humu Dar. Hili jambo siyo la utani.

Kwa hiyo bosi, fanya hivi:

1. Andika wazi "NYAMA YA NGURUWE". Ukiandika "nyama choma" tu, mteja ataelewa mbuzi au ng'ombe.

2. Unauza na kuku? Tenga kisu, sufuria na mafuta. Ukishindwa kutenga, mwambie mteja kabla hajalipa.

3. Mwambie bodaboda amebeba nini. Akikataa, usigombane, tafuta mwingine.

4. Picha tuma kwa wateja wa kitimoto tu, siyo kila namba uliyonayo. Ramadhani ndiyo uzingatie zaidi.

5. Nunua nyama iliyopimwa yenye muhuri, na uiive vizuri. Tegu ni balaa.

Oda ikikosewa, hela unarudisha. Lakini mtu uliyemlisha asichokula kwa imani yake, utamrudishia nini?

Wewe unatenganishaje vyombo vyako? Tuambie hapo chini.