Barua katika kitabu

Ilikuwa wakati wa kiangazi huko Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika. Majani yalikuwa yamekauka, na vumbi lilijaa njiani. Ijumaa jioni Yosefu alitoka shuleni na kitabu alichoazima kwa mwalimu. Alifurahi sana, kwa maana alikuwa na siku mbili za kusoma.

Njiani alikutana na karani wa posta. Karani akamwambia: «Barua hii ni ya bibi yako. Imetoka Lubumbashi. Mpelekee leo, ukamsomee, kwani yeye hajui kusoma.»

«Ndiyo, Bwana,» akajibu Yosefu. Akaitia barua katikati ya kitabu ili isipotee.

Jumamosi asubuhi mama alimtuma sokoni kununua chumvi na sabuni. Yosefu akaenda mbio, akarudisha fedha yote iliyobaki. Kisha akateka maji, akapasua kuni. Mama akamsifu. Kazi zilipokwisha, akakaa chini ya mwembe, akafungua kitabu.

Kitabu kilieleza habari za ziwa lao. Urefu wake ni kilometa 670 hivi, na kilindi chake kinafika mita 1470. Maji yake hutoka kwa mto mmoja tu, ndio Lukuga, unaoanza papo hapo Kalemie. Lukuga huingia katika Lualaba, na mwisho maji yale hufika baharini. Mwaka 1874 Mwingereza mmoja, jina lake Cameron, alifika Lukuga, akaona mto umezibwa na majani. Ziwa likazidi kujaa. Kabla ya mwaka 1880 maji yakavunja kizuizi, yakapita kwa nguvu.

Saa sita gari la moshi la Lubumbashi likapiga filimbi. Yosefu hakuinua macho.

Jumapili, baada ya Misa, alianza kusoma tena. Alipofunua ukurasa, barua ikaanguka magotini pake. Moyo ukamdunda. Akawaza: «Nikisema nimepewa leo, nani atajua?» Lakini aliona haya mbele ya nafsi yake. Akakimbia kwa bibi, akapiga magoti.

«Bibi, unisamehe. Nilipewa barua hii Ijumaa, nikaisahau.»

«Soma, mjukuu wangu.»

Yosefu akasoma: «Mama, nilianguka kwa baiskeli, na mguu wangu umevunjika. Niko hospitali, sina mtu wa kunipikia. Umtume mdogo wangu kwa gari la Jumamosi.»

Bibi akanyamaza. Gari lile lilikuwa limekwisha kwenda, na lingine lingeondoka baada ya juma zima. Yosefu akalia. Baadaye bibi akauliza: «Ulikuwa ukisoma nini?» Yosefu akamweleza habari za Lukuga.

«Basi,» akasema bibi, «neno la mwanangu nalo limezibwa katika kitabu chako. Lete kalamu, tulifungulie njia.»

Bibi akasema, Yosefu akaandika. Jumatatu, posta ilipofunguliwa, yeye alikuwa wa kwanza mlangoni. Jumamosi mdogo wa mgonjwa akasafiri. Mgonjwa alipona, lakini siku zile zote alikula kwa huruma ya wagonjwa wenzake. Yosefu hakusahau jambo hilo.

Watoto, kusoma ni kuzuri, na kutumwa ni heshima. Anayetumwa ameaminiwa. Tumaliza kwanza tulilotumwa, ndipo tufungue kitabu. Wazee husema: Ahadi ni deni.

Maneno: kilindi: mahali penye maji marefu. Kizuizi: kitu kinachofunga njia.

Maswali
1. Kwa nini Yosefu alitia barua katika kitabu?
2. Alitumwa kazi gani? Ni ipi aliyoisahau?
3. Maji ya ziwa Tanganyika hutoka kwa mto gani? Huenda wapi?
4. Yosefu angeweza kumdanganya bibi. Kwa nini hakufanya hivyo?
5. Andika barua fupi, kama ile bibi aliyompelekea mwanawe.