Titani, Tairi na Rafu Rodi: Uchague Baiskeli Gani ya Kijijini?

Wiki iliyopita chumbani kwetu hosteli kulizuka ubishi. Mwenzetu mmoja alikuwa anaangalia kwenye simu baiskeli ya mbio yenye fremu ya titani. Inang'aa kijivu, haijapakwa hata rangi. Akatangaza: "Hii ndo dawa ya rafu rodi. Titani inameza mtetemo wote, wewe unateleza tu." Wenzangu wakakubali. Mimi nilinyamaza, maana mikono yangu bado inakumbuka.

Mwaka jana, wakati wa mazoezi ya kufundisha, shule niliyopangiwa ilikuwa kilomita 9 kutoka nilipopanga chumba. Bodaboda kwenda na kurudi kila siku ingelimaliza bumu mapema kabisa. Nikanunua baiskeli ya mbio ya mtumba: nyepesi, hendeli imepinda kama pembe za kondoo, tairi nyembamba kama kidole. Kwenye lami ya mjini ilikuwa raha tupu. Kule kijijini barabara ni ya changarawe, imejikunja kama bati. Siku msimamizi alipokuja kunikagua niliingia Kidato cha Pili vidole vimekufa ganzi. Chaki ilinidondoka mara mbili, wanafunzi wakacheka. Kwenye fomu msimamizi akaandika: "Mwandiko wa ubaoni urekebishwe." Hakujua kwamba tatizo lilikuwa tairi.

Kwa kuwa wengi wetu tunakaribia kupangiwa shule, na wengine mtaangukia huko huko kwenye changarawe, nimeona tulichukue swali hili kama somo. Je, fremu ya titani ingeniokoa?

Sifa za kweli za titani

Tuitendee haki kwanza. Sentimita moja ya ujazo ya chuma cha pua ina uzito wa gramu 7.8 hivi, ya titani ni gramu 4.5. Kwa hiyo fundi anaweza kutengeneza fremu nyepesi bila kupoteza nguvu. Pili, titani haishiki kutu, hata ikinyeshewa masika yote au ikikaa karibu na bahari. Ndiyo maana haihitaji rangi. Tatu, inavumilia kupindwapindwa mara nyingi bila kuchoka haraka, tofauti na alumini ambayo nyufa ndogo huanza kuilia taratibu.

Baiskeli za titani zilianza kuuzwa Marekani na Uingereza miaka ya 1970. Siku hizi mabomba yake mengi hutengenezwa kwa titani iliyochanganywa na alumini asilimia 3 na vanadi asilimia 2.5, mchanganyiko uliozoeleka kwenye mabomba ya ndege. Ni kitu kizuri kweli, na bei yake inalingana na uzuri huo.

Lakini raha je? Wanaosema titani "inameza mtetemo" wana hoja moja: titani inanyumbulika karibu mara mbili zaidi ya chuma cha pua, ukilinganisha vipande vyenye umbo na vipimo sawa. Tatizo ni kwamba fremu si kipande kimoja cha bomba. Fremu ni pembetatu.

Kwa nini pembetatu haikuhurumii

Hili unaweza kulionyesha darasani kwa vijiti. Funga vijiti vinne viwe mraba, kisha sukuma pembe moja: mraba unalala. Funga vitatu viwe pembetatu, sukuma: haiendi popote. Ndiyo sababu kenchi za paa ni pembetatu, na ndiyo sababu fremu ya baiskeli nayo ni pembetatu mbili zilizoungana. Ukikanyaga jiwe na nguvu ikaja kutoka chini kwenda juu, fremu hiyo haibonyei kwa kiasi cha kuonekana kwa macho, iwe ya titani, ya chuma au ya alumini. Nguvu inapita na kukufikia wewe.

Sasa iangalie tairi ikipita kwenye jiwe hilo hilo. Inabonyea milimita nyingi. Hapo ndipo mtetemo unapofia, au unapokosa kufia.

Raha inatoka kwenye hewa

Hili si jipya. Miaka ya 1860 Ulaya ilikuwa na baiskeli zenye magurudumu ya mbao yaliyovikwa chuma, na Waingereza wakaipa jina lenye maana ya "kitikisa mifupa". Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alipata hataza ya tairi ya kujazwa upepo. Alianza kwa kuifunga kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, aliyekuwa akitikiswa na barabara mbovu. Hakubadilisha fremu. Alibadilisha kilichokuwa kati ya rimu na barabara.

Wanamichezo nao wamerudi kwenye somo hilo. Mashindano ya Paris–Roubaix ya Ufaransa, yaliyoanza mwaka 1896, hupita kilomita zaidi ya 50 za mawe yaliyopangwa. Zamani waendesha baiskeli wa mbio za kawaida walipenda tairi za milimita 23. Siku hizi kwenye mawe yale wanafunga za milimita 30 na zaidi.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme gurudumu la nyuma limebeba kilo 40, yaani nguvu ya nyutoni 400 hivi. Eneo la tairi linalogusa ardhi ni takribani nguvu hiyo ugawe kwa shinikizo la upepo. Tairi yangu nyembamba ilitaka paundi 90 kwa kila inchi ya mraba, ambazo ni kilopaskali 620. Ukigawa unapata sentimita za mraba 6.5. Tairi ya milimita 40 inatosheka na paundi 40, na eneo lake linakuwa sentimita za mraba 14.5, zaidi ya mara mbili. Tairi laini inalimeza jiwe. Tairi ngumu inalipanda na kulishuka, na wewe unapanda na kushuka nayo.

Mtu atauliza: si nipunguze tu upepo kwenye tairi nyembamba? Nilijaribu. Kati ya jiwe na rimu kulikuwa na hewa ya sentimita mbili tu, hivyo gurudumu lilipodunda, rimu ikaibana tyubu na kutoboa matundu mawili sambamba kama meno ya nyoka. Nilifika shuleni kipindi cha pili, nikiikokota baiskeli. Upepo mdogo unahitaji tairi pana. Huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine.

Kosa langu lilikuwa wapi

Nilimpelekea fundi wa pale senta, nikamwomba anifungie tairi pana. Akaileta moja, akaipimisha, akacheka. Haikupita. Fremu ilikuwa imebana, na breki nazo zimebana. Hapo nikaelewa: kosa langu halikuwa kununua alumini badala ya titani. Nilinunua fremu isiyo na nafasi. Na fremu ya titani ya mbio iliyobana namna ile ingenitesa vilevile, tofauti ikiwa ni kuteswa kwa bei kubwa.

Niliiuza, nikanunua lile libaiskeli kubwa la chuma ambalo wazee hubebea magunia ya mkaa. Ubavuni mwa tairi pameandikwa 28 x 1½, yaani upana wa inchi moja na nusu, karibu milimita 38. Kiukweli ni zito, mlimani nilikuwa nashuka na kusukuma. Ila vidole vyangu vilirudi, na mwandiko nao ukarudi.

Ukienda kununua

Awe na hela ya titani au ya mtumba, mnunuzi akague kwa mpangilio huu.

Kwanza, nafasi. Ingiza kidole kidogo kati ya tairi na fremu, kila upande, halafu kwenye uma wa mbele. Kisipopita, masika tope litajaza hapo na gurudumu litagoma. Tafuta fremu inayopokea milimita 35 hadi 45.

Pili, mkao. Kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Goti linyooke bila kiuno kuyumba. Hendeli isiwe chini sana kuliko siti, maana ukiinama mno uzito wote unaangukia viganjani.

Tatu, upepo. Usijaze mpaka tairi iwe jiwe. Ukiikalia baiskeli, tairi ivimbe kidogo tu pale inapogusa ardhi.

Nne, fundi. Titani ikichomelewa lazima ikingwe na hewa kwa gesi kama agoni, la sivyo inakuwa dhaifu na kukatika. Ufa ukitokea, fundi wa kuchomelea mageti hawezi kukusaidia. Chuma anakiweza. Uliza pia kama tyubu za saizi yako zinapatikana huko unakokwenda.

Mwisho kabisa ndiyo uulize fremu ni ya nini. Ukiwa na hela na umeshajibu hayo manne, titani ni chaguo zuri: haitashika kutu, na inaweza kukutumikia miaka mingi sana.

Yule mwenzetu hakushawishika sana. Alichofanya ni kuikuza ile picha kwenye simu, akatazama pale gurudumu linapopita kwenye fremu. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Aisee, imebana." Basi kashaanza kusoma.