Besdei ya Zimamoto: Mtoto Asimkimbie Mwenye Kofia

Wiki hii namjibu mama mmoja wa Mtopanga, Mombasa, aliyeniandikia hivi: “Dada, mwanangu anatimiza miaka mitano mwezi ujao na hataki besdei ya kitu kingine ila gari la faya. Nyumba tumepanga, ua ni wa wapangaji wote, na mfuko wangu si mzito. Nianzie wapi?”

Mdogo wangu, kwanza hongera, Mungu amkuze. Pili, mwanao amekuchagulia jambo la maana sana. Watoto wengi wanaupenda uzimamoto kwa sababu ya katuni. Kuna Fireman Sam wa kule Wales, aliyeanza kuonyeshwa mwaka 1987, na kuna Marshall wa PAW Patrol. Humo moto huzimwa kabla kipindi hakijaisha na hakuna anayeumia. Lakini nyumba zetu zina mtungi wa gesi jikoni, seredani kizingitini na nyaya za ekstensheni zinazovuka kutoka chumba hiki hadi kile. Siku ambayo watoto wa mtaa mzima wamekusanyika uani kwako wakiwa na furaha ni siku ya kufundishana. Kwa hiyo yote nitakayokwambia yanaelekea hapa: ipange shughuli hii ili watoto wakitawanyika jioni, wawe hawamwogopi mzimamoto na wanajua wamkimbilie.

Kwa nini nashikilia hofu? Mtoto mdogo akiona moto hujificha. Huingia chini ya kitanda, ndani ya kabati, nyuma ya pazia, na hunyamaza kabisa, hasa kama ni yeye aliyechezea kiberiti. Kisha anaingia mtu mkubwa mwenye kofia ngumu, uso umefunikwa barakoa, mtungi wa hewa mgongoni, na pumzi zake zinasikika nzito ndani ya moshi. Mtoto ambaye hajawahi kuiona sura hiyo atazidi kujikunyata pembeni, na moshi haumsubiri.

Sisi wa Pwani tuna hofu nyingine ya zamani zaidi. Waulizeni bibi zenu habari za mumiani. Enzi za ukoloni, kutoka Kenya hadi Uganda na Tanganyika, watu waliamini kwamba wazimamoto huwakamata watu usiku na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya uvumi huo, kikatoka mwaka 2000. Hapa hapa Mombasa, mwezi wa Juni 1947, umati ulikishambulia kituo cha zimamoto kwa sababu ya maneno hayo, hata gazeti la East African Standard likaripoti. Wazee wale siwalaumu. Serikali ya mkoloni iliwachukulia watu mengi bila kuwaeleza, na gari lile jekundu na watu wake wenye magwanda lilikuwa la serikali hiyo hiyo. Lakini zipo nyumba ambamo mtoto akigoma kulala bado anatishwa kwa mumiani. Basi kabla ya siku ya shughuli, kaa na bibi na shangazi uzungumze nao kwa adabu. Waambie mtoto asitishwe kwa gari jekundu, na ukiwaomba wakusimulie wenyewe yale ya zamani kama mambo yaliyokwisha pita, watakuwa upande wako.

Sasa mchezo wa kwanza, na huu usiuache hata kama mengine yote yatakushinda. Mwombe baba mtoto, au mjomba, awe mzimamoto. Asiwatokee watoto ghafla. Aje na shati lake la kila siku, wamwone kuwa ni yeye. Mbele ya macho yao avae buti za mvua, kisha koti, kisha kofia. Barakoa iwe ya mwisho: chukua chupa ya maji ya lita tano, ikate upande mmoja, zungushia ukingo utepe wa gundi usije ukamkata. Akishaivaa apumue kwa kishindo, watoto wapumue pamoja naye, hooo, haaa, kisha awaite mmoja mmoja kwa jina. Atakayejificha nyuma ya deraa la mamake msimvute. Atakuja mwenyewe akiona wenzake wanaigusa ile kofia. Baadaye tandika leso juu ya meza, mtoto ajifiche chini yake, mzimamoto atambae akimtafuta, na kazi ya mtoto ni kupaza sauti: “Niko hapa!” Kisha atoke amfuate. Rudieni mchezo huu mpaka wachoke.

Mchezo wa moshi nao ni rahisi. Kina mama wawili washike shuka kwenye kimo cha kiuno, huo ndio moshi, na watoto watambae chini yake mpaka nje ya ua. Waelezeni kwamba hewa ya kupumua iko chini, karibu na sakafu. Mkiwa kwenye mkeka wafundisheni pia nguo ikishika moto wafanyeje: mtoto asikimbie, asimame, alale chini, ajifunike uso kwa viganja na abingirike. Watoto wa miaka mitano wataupenda mno mchezo wa kubingirika, nguo zitachafuka, waache. Chagueni mahali pa kukutana nje, mwembeni au mbele ya duka, na sheria yake ni moja: ukishatoka, hurudi ndani. Hata mwanasesere amebaki, hata viatu vipya.

Hapa nawageukia watu wazima. Machi 1998 moto uliteketeza bweni la shule ya wasichana ya Bombolulu, kule Kwale, wakafa wasichana 26, na madirisha ya bweni lile yalikuwa na vyuma. Nyumba zetu za kupanga nazo zina vyuma madirishani na kufuli milangoni kwa kuogopa wezi. Usiku ufunguo wako uko wapi? Utundike mahali pamoja, juu kidogo, na kila mtu wa nyumba ajue ni wapi. Usimfungie mtoto ndani ukaenda dukani, hata kwa dakika moja.

Baada ya hapo watoto waingie kwenye mchezo wa simu. Tafuta simu mbovu isiyo na laini. Mtoto anapiga 999 au 112, wewe ndiwe unayepokea. (Wenye jamaa Tanga na Dar es Salaam, kwao zimamoto ni 114.) Muulize: “Moto uko wapi?” Wengi watajibu: “Nyumbani.” Nyumbani wapi? Mitaani mwetu watu huelekezana kwa msikiti, kwa duka, kwa steji ya matatu, kwa kisima. Kila mtoto ajifunze sentensi yake, kwa mfano: Mtopanga, nyuma ya msikiti fulani, plot ya fulani. Na aambiwe wazi kwamba nambari hii haipigwi kwa mzaha, kwa sababu gari likija kwako bure, kwa mwenzako litachelewa.

Gari lenyewe lisikupe homa. Maduka ya friji na televisheni yana maboksi makubwa, omba moja. Lipake rangi nyekundu, sahani za karatasi ziwe magurudumu, vijiti vya mnazi viwe ngazi. Ukiwa na jirani mwenye tuktuk mambo yamenoga zaidi. Aiegeshe uani, azime injini, aweke ufunguo mfukoni mwake, na injini ikishapoa muizungushie tuktuk kitambaa chekundu na kubandika maandishi ya ZIMAMOTO. Watoto wakae ndani wapige picha na wapige kelele za king'ora. Kuwazungusha mtaani, hapana.

Kuhusu maji, Mtopanga hakuna asiyejua bei ya mtungi wa lita ishirini, kwa hiyo ya kunywa usiyaguse. Maji ya chumvi ya kisima yanatosha. Toboa vifuniko vya chupa za soda kwa msumari, panga makopo kwenye benchi yakiwa na ndimi za moto za karatasi nyekundu na ya manjano, watoto wayaangushe kwa kuyarushia maji. Iwe mbali na nyaya. Halafu wapange mstari, wapokezane vikopo vya maji hadi kwenye beseni, kama majirani wanavyofanya hasa kabla gari halijafika. Mwambie mwanao wazi kwamba kazi yake yeye siku ya moto wa kweli ni kutoka na kuita mtu mzima. Kuzima si kazi ya mtoto.

Chakula utakijua mwenyewe: viazi vya karai, katlesi, sambusa, tikiti maji, juisi ya ukwaju. Wekundu umeshapatikana bila kuutafuta, mabuyu na achari za embe vinatosha. Ila maliza kukaanga kabla wageni hawajafika, jiko lisiwe linawaka huku watoto wanakimbizana. Na karai la mafuta likishika moto, zima jiko na ulifunike kwa sinia. Usilimwagie maji na usilibebe kulitoa nje. Wengi wanaungua kwa mambo haya mawili.

Keki iwe mkate wa sinia au ya kuoka kwa jirani, vyovyote. Mishumaa mitano, mtu mzima kando yake, mitandio na ncha za leso zikusanywe, na kama kuna banda la makuti basi keki ikae mbali nalo. Fataki za juu ya keki achana nazo. Puto zijazeni kwa pumzi, kwa maana nyingine huuzwa zimejazwa haidrojeni na hiyo ikikutana na mshumaa hulipuka. Mtoto akiungua, maji baridi yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20, kisha hospitali kama ni kubwa au liko usoni au mkononi. Dawa ya meno, unga na mayai havifai.

Saa? Asubuhi za wikendi watoto wengi wako chuoni, basi anza saa kumi alasiri, kumi na mbili wawe wanarudi kwao, magharibi iwakute nyumbani. Saa mbili kwa umri huu zinatosha kabisa. Waombe ruhusa wapangaji wenzako mapema, na upike ukijua watoto usiowaalika watakuja pia. Wapo majirani ambao kwa imani yao hawasherehekei siku ya kuzaliwa. Waalike watoto wao kwenye michezo ya siku nyingine, au uiite siku ya zimamoto tu, bila keki wala nyimbo, na msibishane.

Huenda unajiuliza pia kama wazimamoto wenyewe wanaweza kuja. Tangu Katiba ya 2010, huduma ya zimamoto iko chini ya kaunti, kwa hiyo barua yako itakwenda Kaunti ya Mombasa. Iandike mapema, lakini ushauri wangu ni upitie kwa mwalimu wa chekechea aombe darasa zima litembelee kituo. Ombi la shule lina uzito kuliko la nyumba moja, na watoto wataona mavazi ya kweli yakivaliwa mbele yao. Mtoto usimwahidi kitu. Hata wakikubali, simu ya dharura ikilia wataondoka, na hilo mwambie mwanao kabla.

Siku ya shughuli mabenchi na pikipiki zisizibe kichochoro. Ni njia nyembamba tayari, na siku nyingine pia isiwekwe matofali wala mabati yasiyo na kazi, kwa kuwa gari la zimamoto lahitaji kupita.

Zawadi za kurudi nazo nyumbani ziwe kipakiti cha mabuyu na kofia nyekundu ya karatasi ya manila. Ndani ya kila kofia andika kwa kalamu nzito 999, 112, nambari ya simu ya mama, na ile sentensi ya mahali anapokaa. Tengeneza kofia tano sita za ziada, maana kesho yake asubuhi kuna watakaobisha hodi kuuliza kama zimebaki.