Kumkabidhi Fundi Sauti Zetu

Swali: Kikundi chetu cha taarabu kimejirekodi, na sasa twataka fundi wa kujitegemea achanganye sauti. Tumpe nini, na tupatane naye vipi?

Jibu: Mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, Siti binti Saad, alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi, sauti yake na ala zilinaswa kwa pamoja, wala hapakuwa na njia ya kuzitenga baadaye; ninyi mmejaaliwa wasaa wa kuzitenga, basi mpeni fundi udi, kanuni, fidla na uimbaji kila kimoja katika faili yake, za biti 24, zote zikianzia nukta moja hata kama ala inanyamaza, bila mwangwi wa kubandikwa, na kilele cha sauti kikiwa yapata desibeli 6 chini ya ukomo.

Lililo aula zaidi, kwa rai yangu, ni kuketi naye kabla hajagusa mtambo, mkamsomea mashairi na kumsikilizisha nyimbo mnazozihusudu, kwani fundi aliyezoea ngoma nzito za dansi huenda akaizamisha sauti ya mwimbaji, hali ya kuwa msikilizaji wa taarabu huyafuata maneno kabla ya kitu chochote; na fidla, ambayo hukaa karibu mno na sauti ya mwanadamu, yahitaji kupunguzwa kwa hadhari pale mwimbaji anaposema.

Mapatano yaandikwe: ujira, idadi ya masahihisho, na kwamba faili za asili ni milki ya kikundi.